Uliipandisha Ifike Wapi?

Nianze na neno litakalowaudhi wasee wangu wa Litein, Sotik na Silibwet: lile gari ulilolipandisha sentimita 13 halijapanda. Kilichopanda ni kiti chako. Dif, lile donge la chuma katikati ya ekseli, iko palepale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Na kwenye barabara zetu kinachokwama ni dif. Sijawahi kuona kiti kimekwama matopeni.

Najua kwa sababu na mimi nilipandisha. Najua pia utakachosema, kwamba huyu ni mtu wa kuandika andika, chuo alikiacha mwaka wa pili, atatuambia nini kuhusu springi. Sawa, chuo nilikiacha. Lakini somo la springi nililimaliza, na karo yake aliilipa mama yangu kwa mfupa wa bega.

Gari lenyewe ni Suzuki Sierra, SJ410, injini ya sisi 970, gea 4, springi za mabamba mbele na nyuma. Baba aliliacha. Kama umekulia huku hauhitaji kuelezwa kazi yake: majani ya chai hadi kituoni, mbolea, maziwa, mgonjwa saa nane usiku, masufuria ya harusi. Na ujue hakuna lingine linalokuja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo hizi Sierra, Land Rover za wazee na Land Cruiser za miaka ya themanini tulizonazo ndizo hizo tu. Ukiliharibu moja, limepungua moja.

Sasa, watu hawapandishi gari bure. Kericho na nyanda za juu za Bomet mvua haiulizi mwezi. Asubuhi jua, saa nane wingu limeshuka, saa tisa mvua ya mawe inapiga mabati. Barabara ya mkulima mdogo ni udongo mwekundu na murram iliyomwagwa mara ya mwisho wakati wa kampeni. Juu yake linapita lori la chai lenye tairi refu, linachimba mitaro miwili, na katikati linaacha mgongo. Lori linapita mgongo huo bila kuugusa. Wewe na Sierra yako mnaingia kwenye mitaro ileile, mnashuka, mnashuka, halafu dif inakaa juu ya mgongo kama kuku kwenye mayai. Magurudumu yanazunguka hewani na watoto wanatoka shuleni kukucheka.

Hapo ndipo unatoa simu, unaona picha ya Sierra imesimama kama ngamia mahali fulani, na unajiambia: naam, hiyo.

Mwaka juzi bonasi ya chai ilipoingia, Oktoba, mama alinipa sehemu yake. Ilikuwa pesa ya kujaribu kurudi chuo. Nilijiambia nitaanza na gari kwanza, gari lizalishe, halafu chuo. (Kila mtu aliyeacha chuo ana sentensi kama hiyo. Yangu ndiyo hiyo.) Nikapeleka gari kwa fundi mmoja, jina nitamwekea, na swali lake la kwanza likawa: "Buda, unataka iende juu kiasi gani?"

Nikasema juu kabisa.

Akanifanyia kile ambacho vijana wengi wanafanyiwa. Kwenye Sierra springi hukaa chini ya ekseli. Ukizitoa huko ukazifunga juu ya ekseli, gari zima linainuka kwa unene wa ekseli pamoja na springi yenyewe, zile sentimita 12 au 13. Haununui springi mpya. Unachomelea tu vikalio vipya juu ya ekseli, unafunga yubolti, basi. Bei pamoja na tairi pana za mtumba ilikuwa 31,500. Siku 2 kazi imeisha. Nilipolipitisha stendi ya bodaboda nilipigiwa mluzi, na sitakudanganya, nilijisikia mtu.

Miezi 6 nilijisikia mtu. Gari lilikuwa linazurura kidogo barabarani, nikasema ni tairi. Nikikanyaga breki linavuta upande, nikasema ni hali ya barabara. Nikitoka kwa kasi kulikuwa na mlio chini, kama mtu anagonga mlango, nikaongeza sauti ya redio.

Jumanne moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu saa nane. Lori la chai likakwama kituo cha juu na karani akatuma habari kwamba halitafika kwetu. Majani ya chai hayalali. Ukiyaacha yameshindiliwa kwenye gunia usiku kucha yanapata moto, yanaungua, na hakuna anayenunua majani yaliyoungua. Nikawaambia majirani walete, nitavusha mpaka lori lilipo. Magunia 9: 6 ndani, 3 juu ya keria. Mama akakaa kiti cha mbele kwa sababu yeye ndiye alikuwa na daftari la kilo za kila mtu.

Kuna mteremko kabla ya daraja. Nilikanyaga breki kidogo tu. Pua la gari likainama, na usukani ukageuka wenyewe kushoto, mikono yangu ikiwa juu yake. Sikuuzungusha. Huo ndio ukweli ambao nimeueleza mara nyingi na watu wananiangalia kwa huruma, kama mtu anayedai kuku aliongea. Gurudumu la kushoto likatoka ukingoni, ambapo shamba liko chini kuliko barabara. Gari lingekuwa fupi lingetumbukia gurudumu moja na kusimama. Hili liliendelea kuinama, polepole, mpaka nikapata nafasi ya kumtazama mama usoni, halafu likalala ubavu kwenye chai ya jirani. Chai ilitupokea. Lakini mimi nilimwangukia mama, na gunia likaniangukia mimi, na mtulinga wake wa kushoto ukavunjika.

Hakulia. Walipomtoa alisimama ameshika mkono, akaliangalia gari lililolala magurudumu nje, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hii gari uliipandisha ndio ifike wapi?"

Katika watu waliokuja na kamba alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana ya kampuni ya chai. Miaka yake alikuwa anashughulikia Land Rover na matrekta. Gari liliposimamishwa hakuniambia pole. Alitandika gunia, akalala chini ya gari, akaniita: "Kijana, njoo huku chini."

Mambo niliyoonyeshwa chini ya lile gunia ndiyo ninayotaka uyasome hata ukiruka mengine yote.

Kwanza usukani. Kuna fimbo inayotoka kwenye boksi la stelingi hadi kwenye gurudumu. Gari likiwa na kimo chake fimbo hiyo imelala karibu sawa na ardhi. Ukiinua chesi sentimita 13 na ekseli ikabaki chini, fimbo inasimama mshazari. Kila springi inapobonyea, fimbo iliyo mshazari inasukuma gurudumu. Breki inabonyeza springi za mbele, springi zinasukuma fimbo, fimbo inageuza magurudumu. Kwa hivyo kuku aliongea kweli. Mzee alinifanya nishikilie fimbo huku watu wawili wakiruka juu ya bampa, nikaihisi inanivuta mkono.

Pili, ule mlio wa mlango. Springi iliyofungwa juu ya ekseli inasokotwa vibaya zaidi unapokanyaga mafuta au breki. Inajikunja kama herufi S, na pua la dif linainuka na kushuka. Propela, ambayo tayari ilikuwa imewekwa kwenye pembe isiyo yake, inapigwa. Msalaba wa propela ulikuwa umeshaanza kutoa unga mwekundu wa kutu.

Tatu, paipu za mpira za breki. Hakuna aliyezirefusha. Gurudumu likining'inia, paipu imevutika kama kamba ya kuanikia nguo. "Hii," mzee alisema, "ilikuwa inangoja siku."

Halafu akaniambia niweke ngumi chini ya dif. Nikaweka. Kati ya chuma na ardhi paliingia ngumi na vidole viwili. "Kabla ya kupandisha iliingia nini?" Sikuwa nimepima. Akacheka, akasema anajua bila kupima: ngumi na vidole viwili. Tairi nilizonunua zilikuwa pana zaidi lakini si refu zaidi.

Niwe mkweli, kuna vitu vinavyopanda. Chesi inapanda. Tumbo la gari linapanda, kwa hivyo ukiwa unavuka mawe ya mto au ukingo wa ghafla, gari refu halisugui. Springi na vibamba vya yubolti pia vinaondoka chini ya ekseli, na hilo ni jambo. Mtu anayecheza na mawe huko jangwani ana haki ya hesabu yake. Lakini sisi hatuna mawe. Tuna matope na mgongo wa barabara. Kitu pekee kinachoinua dif ni tairi refu zaidi, na hata hapo unapata nusu tu: tairi likiwa refu kwa sentimita 5, dif inapanda sentimita 2 na nusu. Kazi ya kuinua springi ni kulipa hilo tairi nafasi ya kuzunguka bila kula matamvua. Tairi ndilo linaamua, springi inafuata. Sisi tumegeuza. Tunainua kwanza, halafu tunatafuta tairi pana la kujaza picha.

Na tairi pana kwenye tope letu linaelea kama mtumbwi. Jembamba linakata tope na kugusa murram ngumu chini. Tazama tairi za zamani kwenye Land Rover za kampuni, zilikuwa nyembamba, na zile gari zilipanda hivi vilima kabla sisi hatujazaliwa.

Kuhusu kupinduka. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilisema Suzuki Samurai, ndugu mkubwa wa Sierra yetu, haifai kununuliwa kwa sababu ni rahisi kupinduka ikikwepa kitu ghafla. Suzuki ilikana, ikashtaki mwaka 1996, na kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 2004. Sitaki kuamua kesi ya watu. Ninachotaka ukione ni kwamba watu walibishana miaka 16 kuhusu gari lililokuwa na kimo cha kiwandani. Wewe umechukua gari hilohilo jembamba, ukaliongeza sentimita 13, ukaweka magunia juu ya keria, ukateremka nalo kilima cha Konoin kwenye mvua. Huna hata wa kushtakiana naye.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu nikichapa vijana wa kwetu peke yao nitakuwa nimewafurahisha watu nisiowataka. Kuna wale wa Nairobi wenye gari safi, wanaoingia kwenye mazungumzo haya na wimbo mmoja: kama huna pesa ya seti kamili kutoka Australia, usiguse gari, jua kali itaua mtu. Hizo seti ni nzuri, sibishi. Lakini bei ya moja inaweza kupita bonasi ya familia ya huku kwa mwaka mzima, na bonasi yetu, kila mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa anajua, hukaa chini ya ile ya wenzetu wa mashariki. Kumwambia mtu wa hivyo "usiguse" ni kumwambia atembee. Na magari haya yana zaidi ya miaka 30. Hata usipoyagusa, springi zimeshalala zenyewe.

Tena hoja yao ni ya uongo. Aliyeharibu gari langu ni jua kali na aliyelitengeneza ni jua kali. Vifaa vilikuwa vilevile: jeki, nyundo, mashine ya kuchomelea, jiwe la kusaga. Mzee alitofautiana na yule wa kwanza kwenye swali. Wa kwanza aliuliza niende juu kiasi gani. Mzee aliuliza, "Inakwama wapi?"

Basi alifanya nini? Alisaga vikalio vilivyochomelewa akarudisha springi chini ya ekseli. Akafungua mabamba moja moja, akayasugua kutu, akayaweka sakafuni kwa mpangilio. Yaliyolala aliyarudishia mkunjo kwa nyundo juu ya kipande cha reli, yakiwa baridi, pigo moja karibu na lingine, saa nzima kwa bamba. Niliuliza kwa nini asiyatie motoni kama nilivyoona kwingine. Akasema bamba likishatiwa moto na kuachwa lipoe hivihivi linapoteza nguvu. Litatoka na mkunjo mzuri wa kupigia picha na baada ya miezi michache litakuwa limelala kuliko mwanzo. Kisha akaongeza bamba moja kwa kila springi, la kukatwa kutoka springi ya pikapu iliyokufa. Bushi mpya. Yubolti mpya, kwa sababu ya zamani ikishavutwa mara moja haishiki tena inavyopaswa. Shokapu za mtumba ndefu kidogo. Paipu za breki ndefu zaidi, zote. Alipomaliza aliinua gari kwa jeki mpaka magurudumu yakaning'inia, akageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, akiangalia paipu tu.

Jumla yote nililipa 26,400, tairi nyembamba mbili zikiwemo. Nyingine mbili nilibadilishana na zile pana. Gari limepanda sentimita 4 na nusu. Mzee anasema karibu 2 kati ya hizo si za kupanda, ni za kurudi: ndicho kimo alichonunua nacho baba. Likiwa tupu linarusha kidogo, sitakuficha. Likiwa na magunia linatulia.

Utaniambia kuna njia rahisi zaidi, shakeli ndefu, yale masikio ya chuma yanayoshika mwisho wa springi. Elfu chache, unafunga mchana unaondoka jioni. Shakeli ukiiongeza sentimita 10 unapata 5, kwa sababu inainua ncha moja tu ya springi. Na kwenye Sierra shakeli za mbele ziko upande wa pua, kwa hivyo ukizirefusha ekseli inainamia mbele, na usukani unasahau kurudi katikati baada ya kona. Kidogo sana inavumilika. Lakini nani kati yetu huwa anataka kidogo?

Na kama shida yako ni wiki tatu za tope la Aprili na Mei, nunua minyororo ya tairi. Madereva wa Probox wanaifunga na wanakupita ukiwa umekaa huko juu na urefu wako. Najua haipendezi kwenye picha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya springi. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli tunayonunua ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Sierra yangu inalipa, bodaboda inalipa, lori la chai linalipa. Magavana na wabunge wamevutana juu ya nani ashike sehemu ya pesa hizo, na mteremko wa daraja letu haujaona greda. Toka kwenye barabara yetu uingie barabara ya shamba la kampuni na makalio yatajua kabla ya macho. Kwa hivyo murram inawezekana hapa, mvua ni ileile.

Lakini nikiita kikao cha barabara wanakuja wazee na akina mama. Wasee wenye magari marefu hawaji. Wao wanapita, au wanaamini wanapita. Kila aliyejinunulia sentimita zake ameondoka kwenye foleni ya kulalamika, na waliobaki kwenye tope ni wale wenye sauti ndogo. Nami nilikuwa mmoja wa walioondoka. Miezi 6 nilipita kwenye kikao nikapiga honi.

Mama mkono umepona, ila hauinui kikapu cha chai kama zamani. Gari halijamwona ndani yake tena. Anaweka gunia lake nyuma, anafunga mlango, anatembea.

Bado unabisha, najua. Basi kabla hujampelekea fundi bonasi ya mwaka huu, chukua tepu, lala chini ya gari, pima kutoka ardhini hadi chini ya dif. Andika. Pandisha unavyotaka. Lala tena, pima tena. Usinitumie picha. Nitumie zile namba mbili.